Kengele ya Alhamisi

Mhadhiri wetu wa hesabu alikuwa na kengele ya ng'ombe, na aliitumia kwa wageni. Sisemi kwa mafumbo. Ilikuwa kengele ya chuma, nzito, imeshika kutu ukingoni, ile anayofungwa shingoni ng'ombe anayeongoza kundi, na aliipata kwenye mnada wa mifugo huko kwao Manyoni. Kila Alhamisi alasiri aliibeba ndani ya mfuko mmoja na chaki zake, akaiweka mezani, na mgeni aliyekuja kuzungumza nasi akawa anaitupia jicho la pembeni bila kuthubutu kuuliza ni ya nini. Haukupita muda akajua mwenyewe.

Alhamisi ilikuwa siku ya mazungumzo. Chuo chetu pale Singida mjini kilikuwa na kozi ya hisabati tumizi, yaani hesabu za kufanyia kazi: za bima, za foleni, za mvua, za mizigo inayosafirishwa. Tulikuwa wanafunzi wachache, tukisogeleana tulienea madawati ya mbele tu, na kila mmoja wetu alikuwa anaulizwa kwao swali lile lile: hizo hesabu utakula nini? Mhadhiri akaanzisha utaratibu wa kuita watu waliosoma hesabu wakapata kazi, waje watueleze wanakula nini. Vyuo vingi vina mambo hayo. Tofauti ni kwamba kwingine mgeni hupigiwa makofi.

Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, mgeni aanze kwa kujibu swali: "Leo asubuhi umefanya nini kazini?" Si ndoto zake, si alikotoka, si jinsi alivyosomea kibatari. Leo asubuhi. La pili, akitamka neno fursa, kengele inalia.

Ni lazima nieleze habari ya neno hilo, maana lilituchosha sote. Fursa zilikuwa kila mahali isipokuwa mahali tulipokuwa sisi. Redioni zipo, mabangoni zipo, kwenye hotuba za mahafali zimejaa, na aliyezikosa aliambiwa hakuzichangamkia. Mhadhiri alisema mtu akikuambia kuna fursa bila kukuambia ni ya kufanya nini, wapi, na nani ana shida kitu hicho kifanywe, amekupa upepo, na upepo Singida tunao wa kutosha.

Namkumbuka bwana mmoja aliyetoka Dar es Salaam, suti imembana, viatu vina ncha. Alianza na ndoto. Mhadhiri akamwacha aote kidogo. Alipofika kwenye fursa kengele ikalia, bwana akatabasamu akidhani ni ya kubadilisha kipindi, akaendelea, ikalia tena. Ikalia mara nyingi mpaka ng'ombe wa jirani waliokuwa wanachungwa nyuma ya ukumbi wakaanza kusogea dirishani. Bwana akabadilisha, akasema "milango iliyo wazi." Mhadhiri akafikiri kidogo, akaipiga. Akasema "mchongo," neno la vijana, ili apate kuungwa mkono na sisi. Ikalia. Jasho likamtoka. Mwishowe akaulizwa upya kwa upole kabisa asubuhi ile alifanya nini, naye, kwa kuwa hakubakiwa na maneno mengine, akasema kweli: alisoma barua pepe, akagombana na dereva kuhusu chai, kisha akakaa kutafuta kwa nini magari ya rangi fulani yalionekana kupata ajali nyingi kwenye takwimu za bima, akagundua tatizo ni namna karani alivyokuwa anajaza rangi. Mhadhiri akainuka akamshika mkono. "Sasa tumeanza kuelewana," akasema. Bwana yule akazungumza saa nzima bila suti, maana koti alilivua, na ni mmoja wa wageni wazuri tuliowahi kuwapata.

Mama mmoja wa kampuni ya bima alijibu swali kwa kusema asubuhi nzima alitafuta kosa moja kwenye jedwali na hakuliona. Mhadhiri alimpigia makofi huyo. Sikumwona akimpigia mwingine.

Kwa sura alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sweta la kahawia ambalo hakulivua hata jua likiwaka, kwa maelezo kwamba upepo wa Singida ndicho kitu pekee mjini kinachofika kwa wakati. Yeye mwenyewe hakufika kwa wakati hata siku moja. Alitufundisha nadharia ya foleni akiwa amechelewa, akitueleza kwa nini watu husubiri, na sisi tuliokuwa tumesubiri tunamwangalia.

Na foleni hakuivumilia. Nilimwona benki siku moja, amesimama nyuma ya umati wa watu waliokuja kuchukua mishahara. Akahesabu vichwa, akaangalia kasi ya dirishani, akafunga macho kidogo, kisha akatangaza kwa sauti ya darasani kwamba kwa mwendo ule mtu wa mwisho atahudumiwa baada ya benki kufungwa. Watu wakaguna. Mmoja akaondoka, mwingine akamfuata, akina mama wakaona bora warudi kesho. Naye akasogea mbele, akasogea tena, akahudumiwa. Mpaka leo sijui kama alikusudia.

Nyumbani kwake Mwankoko alifuga kuku wa kienyeji na kulima alizeti. Kicheche alipoingia bandani akachukua kuku, Mhadhiri alikokotoa uwezekano wa kicheche yule kurudi wiki ile, akaridhika kwamba ni mdogo, akaacha banda kama lilivyo. Kicheche hakuwa amesoma. Mwaka mwingine alitengeneza kwa kompyuta mfano wa kukisia mvua, akamwambia mkewe wapande mapema. Mkewe akasema kwa mujibu wa mama yake mzazi wapande baadaye. Wakagawana shamba, kila mmoja akapanda kwa imani yake. Mvua ikawakosea wote wawili, alizeti ikakauka nusu zote mbili, wakaambiana pole. Habari hiyo alitusimulia darasani akiwa na furaha isiyoeleweka, kwa sababu, alisema, ni mara chache mtu anapata jaribio safi kama lile.

Alikuwa na misemo yake. "Hesabu haina mshahara, mshahara anao mwenye shida. Katafute mwenye shida." Na mwingine: "Usinionyeshe cheti, nionyeshe ulichokosea wiki hii." Ukimwonyesha kosa zuri alifurahi kuliko ukimwonyesha jibu. Wanafunzi dhaifu aliwakalia mpaka mpishi wa mgahawa wa chuo anafunga jiko, akirudia swali moja kwa njia hii na ile, na wala hakumsifu mtu. Ukipata, alisema, "Haya, nenda kale."

Alituonya tusiwe walimu. "Mtanifanana," alisema, na akilitazama sweta lake ulimwelewa. Lakini mwenzetu mmoja aliporudi kwao Issuna akaanza kufundisha hesabu sekondari, Mhadhiri alipanda basi kwenda kukaa dawati la nyuma darasani kwake, bila taarifa, magoti yamegusa kidevu. Akarudi mjini amebeba vitunguu vya zawadi, na wiki nzima alikuwa anatabasamu peke yake koridoni. Tulipomuuliza alisema vitunguu vilikuwa vizuri.

Sasa nifike kwa baba yangu.

Kwetu swali la hesabu utakula nini lilikuwa na mwisho wake. Baba alikuwa na duka la jumla karibu na soko kuu, ananunua alizeti na vitunguu kwa wakulima na kuuza kwa wenye malori. Kusoma alisoma mpaka la saba, na hakuona alipungukiwa. Mtoto wa jirani yetu aliyemaliza shahada ya hesabu alikuwa anashinda barazani akicheza drafti, na baba alimpita kila siku akienda msikitini. Basi akanipa mpaka mwisho wa muhula. Kama sikuwa na jibu, nihamie ununuzi na ugavi, kozi aliyoielewa, maana yeye mwenyewe alinunua na kusambaza tangu ujana wake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, nikulipie kitu ambacho na wewe hujui ni nini?" Nami sikulala vizuri muhula ule, kwa sababu nilizipenda hesabu zile na sikuwa na la kumjibu.

Nikamwendea Mhadhiri. Nilitegemea anipe maneno ya kumpelekea baba. Badala yake akasema, "Mlete Alhamisi, aulize mwenyewe." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Mzee wako mtu wa wapi?" Nikasema amezaliwa Tabora. Akacheka, akapiga meza. "Vizuri sana," akasema. Sikumwelewa, nikaenda zangu.

Baba akaja. Kanzu nyeupe, koti juu yake, kofia mpya. Wanafunzi wote wakasimama, shikamoo ikaenea ukumbini, naye akaitikia mstari kwa mstari. Mgeni wa siku ile alikuwa kijana anayefanya kazi ya vipimo vya upepo, na aliposema asubuhi alipanda mnara kutoa kiota cha ndege kwenye kifaa, baba alitikisa kichwa kwa kuridhika, nikaanza kuwa na matumaini. Ukafika muda wa maswali. Baba akasimama, akajishika kifuani.

"Mimi ni mzazi," akasema. "Nimesikia ya huyu kijana, nimefurahi. Ila nataka kujua, kwa watoto wetu hawa, hizi fursa zenyewe..."

Kengele ikalia.

Nilidhani nimeota. Mhadhiri alikuwa ameinyanyua juu kabisa, anaitikisa kwa mkono wote, meno nje. "Tua mzigo kwanza, Mnyamwezi," akamwambia baba yangu mbele ya ukumbi mzima. "Umetembea na huo mzigo tangu Tabora, mtani wangu, utavunjika shingo."

Kwa msomaji asiyejua: Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Wanaweza kutukanana msibani, kunyang'anyana chakula, kuitana kila jina, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mhadhiri alikuwa Mgogo. Kwa hesabu zake mtu aliyezaliwa Tabora ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani, kwa hiyo anapigiwa kengele kwa haki yote na ataipenda. Huyu ni mtu aliyetufundisha miaka mitatu kwamba taarifa moja haitoshi kufikia hitimisho.

Wenzangu walicheka, kisha kicheko kikafa kimoja kimoja, maana walimwona baba hacheki. Wengi wao ni watoto wa wafugaji. Wanajua kengele ile huvalishwa nani.

"Mimi si Mnyamwezi," baba akasema taratibu. "Babu zangu walitoka pwani. Tabora nimezaliwa tu." Akachukua fimbo yake, akatoka, na mimi nikamfuata nikiwa natamani ardhi inimeze. Tulipofika dukani akavua koti, akalitundika, akasema, "Jumatatu nenda kaulize hiyo kozi ya ununuzi." Nikaenda nyuma ya magunia nikalia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nawapimia wateja kunde nilipomwona Mhadhiri anakuja, sweta lake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mapema. Kwapani ana jogoo mwekundu amefungwa miguu. Nyuma yake anakuja mkutubi wa chuo chetu, mzee mfupi mwenye miwani, naye huyo alikuwa Mnyamwezi wa kweli, wa kuzaliwa na wa ukoo.

"Shikamoo, mzee," Mhadhiri akasema mlangoni.

Baba alimpita umri, na shikamoo ni deni la mkubwa kuitikia. Hakuitikia. Aliendelea kukung'uta mizani. Sijawahi kuona shikamoo ikikaa hewani vile, hata wateja waliacha kuzungumza.

Mkutubi ndiye aliyeokoa. "Mzee," akasema, "mimi nimekuja kama mtani wa huyu, kumleta mbele yako, maana peke yake hafai kuletwa popote. Huyu Mgogo ndivyo alivyo. Ukimpa kengele anadhani umempa na ng'ombe. Juzi alipotoka ukumbini nilimwuliza, umemhoji mzee kabila lake? Akaniambia, nimekokotoa. Mzee, mtu amesoma mpaka nje ya nchi, anakokotoa kabila." Akamgeukia Mhadhiri. "Simama vizuri wewe, unamchosha jogoo."

Mhadhiri akasimama vizuri. Alikuwa kama mwanafunzi aliyeshikwa. Nilimwona baba akibana midomo, na nikajua anazuia kicheko kisitoke.

"Nimekosa, mzee wangu," Mhadhiri akasema. "Nilikuchukua kwa mtani na wewe si mtani. Kwa mtu mzima asiye mtani, lile ni tusi, na nimelitoa mbele ya mtoto wako. Naomba unisamehe."

Baba akaweka mizani chini. "Kaeni," akasema. Wakakaa kwenye magunia ya alizeti, jogoo katikati yao. Chai ya tangawizi ikaja. Wakanywa, kisha baba akauliza lile alilokuwa amekuja kuliuliza Alhamisi.

"Binti yangu akimaliza hiyo kozi yako, atapata kazi?"

"Sijui, mzee."

"Hujui?"

"Sijui. Wengine wamepata. Wengine wapo nyumbani."

"Lakini wewe ndiye mwalimu wake. Unaniahidi nini?"

Nilimkazia macho Mhadhiri kutoka nyuma ya kunde. Nilimwomba kimoyomoyo adanganye. Mara hii moja tu, aseme neno lile analolipigia kengele, alirudie hata mara kumi. Muhula wangu wote ulikuwa mdomoni mwake.

"Siahidi kitu," Mhadhiri akasema. "Nitamfundisha asidanganywe kwa namba, wala asimdanganye mtu kwa namba. Hilo naliweza. Kazi sina mfukoni. Nikikuambia ninayo, nitakuwa nimekutukana mara ya pili."

Nikaona imekwisha. Baba akawatazama wakulima waliokuwa wanashusha magunia nje.

"Unaona wale?" akasema. "Kila anayeingia hapa na gunia ananiapia kwamba alizeti yake imekauka. Anaapa kwa Mungu, anaapa kwa mama yake. Tangu nimeanza biashara sijapata hata mmoja akaniambia, mzee, hili gunia sijui." Akamtazama jogoo. "Mwache asome."

Kisha akasimama, akampa mkono, na kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau mlangoni, akasema, "Marahaba."

Yule jogoo hakuchinjwa. Nyumbani kwetu jogoo hakuwahi kuivuka Idi, lakini yule alizivuka, akazeeka, akapofuka jicho moja. Baba alimpa jina la Mhadhiri, kwa sababu aliwika jua likiwa limeshapanda. Na Alhamisi nyingine baba alipokuwa na nafasi alikuja ukumbini, akakaa nyuma, akamsikiliza mgeni huku ameegemea fimbo. Kengele ikilia alikuwa wa kwanza kucheka.

Nilimaliza, na kazi sikupata. Nilikaa dukani muda mrefu kiasi kwamba wateja wakasahau kama niliwahi kusoma. Baba hakuniambia hata siku moja, "Si nilikuambia." Jirani yetu alipomchokoza kwamba sasa wana wacheza drafti wawili, alijibu, "Wa kwangu aliambiwa ukweli kabla hajaanza," akapita. Hilo neno nilikuwa nalirudia peke yangu nikivunjika moyo. Baadaye ndipo nikapata Dodoma, kwenye mradi wa bima ya mazao, kazi ya kukadiria mvua ikipungua kiasi gani ndipo mkulima alipwe. Niliipenda kazi ile. Baba aliwahi kuniona nikiifanya, alikuja ofisini akakaa pembeni ya meza yangu asubuhi nzima akitazama kioo cha kompyuta asichokielewa, akaondoka ameridhika. Mwaka uliofuata akafariki. Duka akalishika kaka yangu.

Kisha mradi ukaisha. Wafadhili wakafunga mabegi yao, mikataba yetu ikafungwa nao, nikarudi Singida na sanduku moja, nikaanza tena kuanika alizeti. Chuoni sikupita hata kwa bahati mbaya. Niliwaogopa wote, lakini niliyemwogopa zaidi ni mtu mmoja na swali lake.

Nilimkuta sokoni, ananunua pumba za kuku. Alikuwa amestaafu, amepungua, sweta limekuwa kubwa kuliko yeye. Nilimwona mimi kwanza na nikafikiria kujificha nyuma ya marobota ya mitumba, ila aibu ikanizidi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo asubuhi umefanya nini?"

Hakuuliza habari za siku nyingi, hakuuliza za nyumbani. Nikamwambia. Mkataba umeisha, sina kazi, leo asubuhi nimemsaidia kaka kuanika alizeti. Nikatazama viatu vyangu.

"Vizuri," akasema. "Alhamisi njoo uwaambie hivyo hivyo."

"Mwalimu, wale wanataka kusikia waliofanikiwa."

"Hao wamewasikia mpaka wamekinai. Wiki iliyopita amekuja mmoja viatu vyake vinang'aa kuliko bati jipya. Kaongea jioni nzima, sijui mpaka sasa anafanya kazi gani, na nadhani na yeye hajui." Akabeba kiroba chake cha pumba begani, akakataa nimsaidie. "Alhamisi," akasema, akaondoka.

Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu ya baba, nadhani, na kwa sababu mtu akishakuonyesha heshima ya kutokukudanganya ni vigumu kumkimbia. Mazungumzo sasa yanaendeshwa na mhadhiri kijana, mpole, mwenye projekta, na mbele ya ukumbi ametundika bango kubwa la rangi: Hisabati Tumizi na Fursa za Ajira. Mhadhiri wetu alifika amechelewa. Akasimama mlangoni, akalisoma bango mpaka mwisho, akatoa kengele mfukoni, akalipigia. Yule kijana akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuzoea. Mzee akaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye kiti alichokuwa anakalia baba.

Nilisimama mbele yao. Walikuwa wachache, wamesogeleana madawati ya mbele kama sisi wakati ule.

"Leo asubuhi umefanya nini kazini?" ikatoka sauti nyuma.

"Leo asubuhi nimeamka sina kazi," nikasema.

Nikawaeleza yote. Jinsi nilivyokaa nyumbani, jinsi nilivyopata, kazi yenyewe ilikuwaje asubuhi kwa asubuhi: vipimo vya mvua vilivyokosewa, simu za maafisa ugani, siku niliyogundua hesabu yangu ingemnyima malipo mkulima ambaye mahindi yake yalikauka mbele ya macho ya watu, na jinsi nilivyoibomoa nikaanza upya. Nikawaeleza ilivyoisha. Nikasema nimeshaandika maombi kwingine na bado sijajibiwa. Binti mmoja wa mbele, ushungi wake umeteleza na hajali, akanyoosha mkono.

"Dada, sasa sisi tukimaliza, tutapata kazi?"

Nilijua ni nani kwao anayemuuliza. Niliona kabisa duka, mizani, na fimbo imeegemezwa ukutani. Neno tamu lilikuwa karibu, lingemtuliza, na lisingenigharimu chochote.

"Sijui," nikasema. "Siahidi."

"Na ungerudi nyuma, ungesoma tena?"

"Ndiyo," nikasema, na nilishangaa lilivyotoka haraka.

Nikatazama nyuma kumwona mzee. Alikuwa ameinama. Mikono yake ya uzee ilikuwa inatetemeka, kengele iko mapajani, na kwa vidole viwili alikuwa ameushika ulimi wa kengele ili isilie.

Nilimtoa nje nikiwa nimemshika kiwiko, na safari hii hakukataa. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa ziwa, ukatusukuma mpaka kwenye benchi la mlinzi. Tukakaa. Akauliza yule jogoo aliishia wapi, nikamwambia alikufa kwa uzee, akafurahi mno. Kisha nikaona ni zamu yangu.

"Na wewe, Mwalimu? Leo asubuhi umefanya nini?"

Akakohoa, akalivuta sweta, akajiweka sawa kama mgeni rasmi. "Kustaafu, mwanangu," akaanza, "ni fursa ya..."

Akaniangalia, akaiangalia kengele mikononi mwake, kisha akaninyooshea niichukue.

Nikampigia, mzee mzima, na wala si mtani wangu.